Mashine za Kiboko Zilipotaga

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, kama mnafukuza nzi? Umeme umekatika, feni imesimama, joto limenikaa kooni, nanyi mnaniitikia kivivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, tena si kale sana, Kiboko alijenga jumba kando ya maporomoko. Ndani akapanga mashine elfu moja za kutunzia picha, barua na nyimbo za wanyama wote. Wanyama walisema picha zao zimo winguni. Winguni wapi! Zilikuwa kwa Kiboko, na Kiboko alikuwa anakula umeme wa kijiji kizima.

Mashine mia tatu zilifanya kazi. Mia saba hazikuwa na kazi yoyote, zimewashwa tu ili mgeni akiingia aone taa nyingi. Mashine zikipata joto, Kiboko anaongeza feni. Mashine zikipoa, Kiboko anaongeza feni. Vuuu, vuuu, kutwa nzima. Kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kukaa mbali na maji, aliamini kila kitu duniani kinataka baridi.

Sasa Kanga alikuwa na mayai kumi na moja. Kanga mnamjua, hana subira ya kuatamia, kwa hiyo aliyaweka kwenye kiangulio cha umeme. Zikabaki siku tatu yaanguliwe. Kiboko akaongeza feni, kiangulio kikazimika, zii. Kanga akaenda kulia kwa Kiboko. Akajibiwa kwamba mashine zitapata homa, na kwamba mayai yapo mengi duniani.

Kila nikifika hapa nakasirika.

Pimbi alikuwa mfagiaji wa jumba lile. Ni mdogo, hana hata mkia, lakini anapenda joto, na alijua kwamba nyuma ya zile mashine mia tatu hutoka upepo wa moto. Akamwomba Kanga mayai, akayatia kwenye ndoo yake, nyata, nyata, nyata, akayapanga pale nyuma. Kisha akaenda kwa Kiboko.

"Hongera, Mzee. Mashine zako zimetaga."

Mashine inatagaje, unauliza? Mwanakheri mwanangu, anayesimulia ni mimi au wewe? Kiboko mwenyewe hakuuliza. Alichungulia, akaona mayai, akaanza kuwaza jumba la pili.

"Zitaanguliwa mashine ngapi?"

"Kumi na moja kwa kuanzia. Ila mzazi hapendi baridi, Mzee, wala hapendi kelele za wavivu. Hizi mia saba hazitagi, zinakula tu."

Kiboko akazizima kwa mkono wake mwenyewe, ta, ta, ta, zote mia saba. Akapunguza feni. Haikupotea picha hata moja. Kijijini kinu kikaanza kusaga, zahanati ikapata mwanga, na kiangulio nacho kikawaka, kitupu.

Siku ya tatu, pi, pi, pi. Kanga alikuwa amesimama mlangoni tangu alfajiri, shingo ndefu. Kiboko akainama, akatazama sana.

"Hawa wana manyoya."

"Si uliwapulizia baridi mama zao? Mtoto wa baridi huzaliwa na koti."

"Na wanataka kula."

"Sana, Mzee. Ukiziwasha zile mia saba, nazo zitaiga kutaga, watakuja mia saba wengine."

Kiboko akarudi nyuma hatua tatu. Akaamuru mashine zile zibaki zimezimwa, na huyo Kanga awachukue watoto upesi kabla hawajaomba mtama. Kanga akawahesabu, kumi na moja, akalia, akaondoka nao.

Mnadhani Pimbi alishukuriwa? Mwezi uliofuata Kiboko alivishwa nishani kwa kubana matumizi ya umeme. Pimbi ndiye aliyefagia ukumbi. Mimi nimechoka.

Fundisho, wanangu: mkubwa akimaliza umeme wote, msimbishie. Ana akili kuliko ninyi, nishani anayo. Nanyi nyumbani washeni kila taa mchana kutwa, huenda ikataga.

Hadithi imefika mwisho wa waya. Ikiwa tamu tugawane, ikiwa chungu mpelekeeni Kiboko. Haya, tazameni hiyo feni. Bado haizunguki.