Kidole Juu ya Kitufe cha Kufuta

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo, na wewe pale nyuma, simu weka mfukoni.

Kulikuwa na dada mmoja, fundi wa kompyuta katika hospitali ya misheni. Alfajiri moja programu ya hospitali ilijisasisha yenyewe, kama ilivyozoea. Kulipokucha, mabenchi yamejaa, karani akatafuta jina la kwanza: hayupo. La pili: hayupo. Kioo kikaandika, "Hakuna mgonjwa." Miaka na miaka ya taarifa za watu, hakuna! Na nakala ya akiba? Tunajuana wenyewe. Kila mtu alidhani mwenzake ameiweka.

Yule dada aliogopa, tena aliogopa sana.

Daktari mkuu akaja juu: "Binti, watu wanangoja. Futa vyote, tuanze upya."

"Daktari, nikifuta ndiyo basi tena."

"Si mashine imeshasema hakuna? Utafutaje kisichokuwepo?"

Hoja ikamwingia. Akapeleka kidole kwenye kitufe. Ndipo mama mmoja akainama dirishani, mtoto mgongoni.

"Mwanangu, eti mtoto wangu hayumo humo. Hayumo vipi, na huyu hapa anakoroma? Mwezi uliopita sindano yenu ilitaka kumuua, mkaniambia mmeandika asichomwe tena. Leo ana homa. Mtamchoma ipi?"

Dada akarudisha mkono. Akajiuliza: hivi mimi nimeuliza ghala lenyewe zinamokaa taarifa, au nimeuliza programu tu?

Maana baina ya programu na ghala la taarifa kuna kitu cha katikati, mafundi wanakiita draiva. Kazi yake ni ukalimani. Programu ilikuwa imeamka na lugha mpya, draiva akabaki na ile ya zamani. Anaulizwa, haelewi, na programu isipopata jibu inaandika, "Hakuna."

Akaipita programu, akafungua ghala moja kwa moja. Wote wamo! Na yule mtoto yumo, na onyo lake la sindano. Akaweka draiva mpya inayoelewana na pande zote mbili, majina yakarudi. Mama akapewa dawa salama, akaenda zake. Daktari akakohoa, akatafuta kazi nyingine ya kufanya.

Sasa sisi tunacheka. Haya, tuulizane. Wewe uliyesema ndugu yako hakupendi tena, ulimuuliza yeye, au ulimuuliza shangazi? Wewe mwenye ndoa, umebadilika, mwenzako amebadilika, lakini mnasemeshana kwa maneno yale yale ya mwaka wa harusi. Ukikosa jibu unasema, "Hakuna upendo humu." Nani kakuambia? Na wewe unayedai Mungu amekusahau, mara ya mwisho ulipiga magoti lini mwenyewe, bila kumtuma mchungaji?

Upendo umo, wapendwa. Kilichoharibika ni cha katikati, na hicho kinatengenezeka.

Ila kuna mtu ameingia humu asubuhi hii akiwa ameshaamua. Nguo zimefungwa, bado kutoka tu. Mama yangu, baba yangu, sikutaji jina. Ondoa kidole hapo.