Nyumba ya Mpakani na Kuni za Jumbe

Hapo zamani, nchi zilipokuwa zikigawanywa kwa kunyoosha kidole tu, palikuwa na mlima ulioinuka ghafula kutoka baharini, jina lake Ung'ongo. Upande wa kusini ulikuwa wa Sultani Zubeiri, na upande wa kaskazini wa Jumbe Makanda, na wawili hao walichukiana hata mmoja akipiga chafya, mwenziwe hufurahi. Juu kabisa, mpakani penyewe, palikuwa na nyumba ya fukara mmoja aitwaye Machano. Babu yake aliijenga bila kuuliza mpaka umepita wapi, basi ikawa baraza na vyumba viko kwa Sultani, na jiko liko kwa Jumbe. Mkewe Mize alipika ugenini na kupakua nyumbani, na chakula kikichelewa husema kimezuiliwa mpakani.

Machano hakuwa na mbuzi wala shamba. Alikuwa na ulimi tu, na ulimi huo ulikwisha mtia mashakani mara nyingi.

Mwaka mmoja joto likazidi mjini, tabibu akamshauri Sultani akapumzike mlimani. Basi akapanda na waziri wake na watumishi wake, akaketi barazani kwa Machano, akanywa kahawa ya tangawizi, upepo wa bahari ukampuliza, akalala usingizi ambao hakuupata tangu atawazwe. Na Sultani huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: kila alipopumzika akapaona pazuri, alipanunua. Alikwisha nunua ghuba, akanunua na chemchemi, na akishanunua hapakanyagi tena, ila waliokuwa wakikaa huko ndio hawaonekani.

Alipoamka akajinyoosha, akanena, "Machano, nyumba hii nimeinunua."

"Haiuzwi, Maulana. Mama yangu amezikwa hapo nyuma, na mke wangu yu karibu kujifungua. Tutakwenda wapi?"

"Dunia ni pana," akasema Sultani, akamtupia mfuko wa fedha. "Kesho asubuhi unikabidhi."

Waziri akamwinamia sikioni. Alijua kuwa watu wa mlima ule wana desturi ya kuhama na milango yao, na madirisha, hata vizingiti. Mnunuzi huachiwa kuta na popo. Basi Sultani akaongeza, "Na unikabidhi nyumba pamoja na kila kilicho chake. Ukibakiza hata kimoja mkononi mwako, utalala gerezani."

Machano akaingia ndani. Aliogopa, wala hakumficha mkewe. Mize akachochea moto, kisha wakanong'onezana kitambo, na Mize akatwaa mtungi wake akashuka kuteka maji upande wa kaskazini.

Hata asubuhi, mashahidi walipokwisha kukusanyika, Machano akaanza kukabidhi. Akakabidhi mlango, akakabidhi kinu na mchi, akakabidhi na mahali paa linapovuja. Mara akaja Bi Kidawa, jirani yake, na kigae mkononi.

"Huyu huja kila asubuhi kuomba kaa la moto," akasema Machano. "Naye ni wa nyumba. Mwenye nyumba humpulizia moto mwenyewe, na humsikiliza habari za goti lake."

Sultani akacheka, akapuliza, moshi ukamwingia machoni, na habari za goti zikawa ndefu.

Kisha Machano akaleta mzigo wa kuni, akautua miguuni pake.

"Na hizi?"

"Hizi kuni za Jumbe, Maulana. Jiko liko katika ardhi yake, na kila mwenye jiko upande ule, siku ya Mwaka mpya, humpelekea mzigo wa kuni juu ya kichwa chake mwenyewe, akaketi chini uani, akasema, 'Mimi ni mtu wako.' Babu alipeleka, baba alipeleka, nami nimepeleka. Na Mwaka wenyewe ni kesho."

Sultani akasema, "Atapeleka mtumishi."

"Mtumishi hana jiko, Maulana."

"Basi livunjwe."

Waziri akakohoa. "Kuvunja katika ardhi ya Jumbe ni vita, Maulana."

"Basi jiko libaki kwako, Machano."

"Naogopa gereza. Umeniamuru nisibakize hata kimoja."

Wakati huo mtu akatokea kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa mjumbe wa Jumbe Makanda, maana Mize alikwisha pitisha habari huko kisimani. Akatoa salamu kwa adabu, akasema, "Jumbe amesikia jiko limepata bwana mpya. Yeye hamjui bwana huyo ni nani, ila anampa hongera, na anauliza kuni atazileta asubuhi au jioni."

Sultani akautazama mzigo. Akajiona ameubeba, jasho linamtiririka, na Makanda amekaa kitini anajikuna kitambi. Akamtazama waziri, naye waziri alikuwa akitazama paa. Kisha kicheko kikamtoka, kikamshinda, hata kilemba kikamlegea.

"Machano," akanong'ona, "chukua nyumba yako upesi, kabla mtu huyu hajaniuliza jina."

"Kwa amri siwezi, Maulana," naye akanong'ona. "Watu watasema nimemnyang'anya Sultani. Labda niombwe, na mashahidi wasikie."

Sultani hakuwahi kuomba kitu maishani mwake. Akakaza kilemba chake kwa mkono mmoja, akasema, "Nakuomba uipokee nyumba yako, Machano. Na mfuko ukae kwako."

Machano akapokea, machozi yakamlengalenga na hakuyafuta. Akamgeukia mjumbe, akamwambia, "Jumbe apewe salamu zangu. Kuni nitazileta mimi, kama kawaida."

Mjumbe akaenda zake. Sultani akafunga kilemba chake upya. "Lakini mapumziko yangu hayajaisha," akasema. "Nitalala wapi?"

"Mimi nimeshapokea tu, Maulana. Mambo ya ndani ni ya Mize, sijui atasemaje."

Sultani akafikiri kidogo. Akainuka pale barazani, akashuka hadi uwanjani mbele ya mlango, akavua viatu, akajikohoza, akasema, "Hodi."

Mize alikuwa ndani anapepeta mchele. Akaumaliza ungo wote kwanza.

"Karibu, mgeni," akasema.