Mwewe na Ruhusa ya Kutua

Hadithi iko juu, mawinguni.

— Ishushe tuione.

Ikitua itauma.

— Itue, tutaipuliza.

Basi hapo kale, wala si kale sana, kwa kuwa ndege za chuma zilikwishakuwapo, palikuwa na kiwanja cha ndege chini ya mlima. Mlima wenyewe ulipendwa na wingu. Masika yakiingia, wingu linashuka, linaulalia mlima, linakilalia na kiwanja, jii, huoni hata mguu wako.

Nchi ile alikuwamo Mwewe, na Mwewe alikula makinda. Alikula wa Tetere. Alikula wa Chiriku. Alikula wa Kware, wote, asubuhi moja, mama yao akitazama. Msicheke hapo. Kware alikaa majanini akiwaita mpaka jua likazama, na hakuna aliyeitika.

Kitu kimoja tu kiliwasitiri ndege wadogo, nacho ni wingu. Mwewe ana macho makali, lakini winguni macho ni mzigo wa bure. Kwa hiyo wale mama wakawa wanalea masika, wingu likiwa limewafungia mlango.

Sasa Mwewe yuko juu ya jiwe, njaa inamuuma. Akasikia ngurrr. Ndege ya chuma ikaingia winguni, ikashuka, ikatua salama. Ngurrr, ikaja nyingine, nayo ikatua. Mwewe akawaza, hawa wanaonaje humo? Nikiijua siri hii nitakula kiangazi, nitakula na masika.

Siku wingu lilipopasuka kidogo akamwendea Mbayuwayu. Huyu Mbayuwayu alikuwa amejenga kiota chini ya paa la mnara wa kuongozea ndege, na mchana kutwa alimsikia mtu wa mnarani akisemezana na marubani. Kiotani mlikuwa na makinda wake, bado uchi, vinywa wazi.

"Bi Mbayuwayu," Mwewe akasema, "nifundishe kushuka ndani ya wingu. Ukikataa, nawala hawa sasa hivi."

"Na nikikufundisha?"

"Wanao nitawafanya wa mwisho."

Mbayuwayu akapima. Asipofundisha, wanawe wanaliwa. Akifundisha, wana wa nchi nzima wanaliwa. Akasema, "Nitakufundisha, Bwana Mwewe."

Kware alikuwa chini, akasikia. "Mwenzangu, unamwonyesha muuaji njia ya kwetu?" Mbayuwayu akashuka topeni. Mwewe alikuwa amesimama pale pale, anasikiliza.

Akachora kwa mdomo kwenye tope. "Hii ni ramani. Huu mlima. Hiki ni kimo cha usalama. Ukiwa chini yake winguni, jiwe halikuoni na wewe hulioni, mtakutana tu. Hapa ni pa kushukia. Na hapa, juu ya wingu, ni pa kuzungukia."

"Kuzunguka kwa nini? Mimi nina njaa."

"Sheria ya ndege ni moja. Hakuna kushuka bila ruhusa. Aliye chini ndiye anayejua kama njia iko wazi. Akisema zunguka, ni kuzunguka."

"Hiyo sheria yao hao wa chuma."

"Ni sheria ya ndege. Kwani wewe si ndege?"

Je, Mwewe angesema yeye ni mbuzi?

Lakini mwenye nguvu hapendi kufundishwa. "Nitashuka mwenyewe," akasema, akapanda, akajitosa winguni, vuuu. Mle ndani akajiona amenyooka sawasawa. Mwili ukamwambia umenyooka, naye akauamini. Kumbe amelalia ubavu, anaporomoka. Mwamba ukampitia karibu, fyaa, ukabaki na manyoya yake. Akatokea upande wa pili tumbo likiwa juu.

Akarudi anahema. Mbayuwayu akamwambia, "Winguni mwili ni mwongo, Bwana Mwewe. Fuata sauti yangu. Na kila nikuambialo lirudie, nijue limekufika."

"Vyema. Na mimi nakuambia neno. Siku nitakayotua, makinda wote wa nchi hii wawe wamepangwa hapa kiwanjani, na wako wakiwamo."

"Ulisema wangu wa mwisho."

"Ndiyo. Wasimame mwisho wa mstari. Umesikia?"

Mbayuwayu akawatazama wanawe. "Nimesikia," akasema.

Mwewe akaridhika, maana kwetu aliyesikia ametii.

Asubuhi Mwewe akapanda juu ya wingu.

"Mbayuwayu, nishuke?"

"Njia haijawa wazi. Zunguka."

"Njia haijawa wazi, nazunguka."

Akazunguka, akazunguka. Makinda wakaota manyoya. Kila jioni Mwewe akaenda kulala ng'ambo ya mlima, akala panzi wakavu, akarudi asubuhi.

"Mbayuwayu, nishuke?"

"Njia haijawa wazi. Zunguka."

"Njia haijawa wazi, nazunguka."

Akazunguka, akazunguka. Makinda wakasimama ukingoni mwa viota. Kila jioni panzi wakavu, kila asubuhi karudi.

"Mbayuwayu, nishuke?"

"Njia haijawa wazi. Zunguka."

Makinda wakajaribu mbawa, pu, pu, pu.

Kware akaja mpaka chini ya mnara. "Kumbe unamdanganya?"

"Simdanganyi, shoga yangu. Njia haijawa wazi. Haitakuwa wazi mpaka mtoto wa mwisho aruke."

Kware akainamisha kichwa, akalia. Wake hawakupata wa kuwangojea. Kisha akajifuta, akaenda kukaa chini ya kiota cha Chiriku, kwa sababu mtoto mdogo kuliko wote alikuwa mle, na alikuwa mwoga wa kuruka. Kware akambembeleza kutwa. Mtoto akaruka.

Ndipo Mbayuwayu akapaza sauti. "Njia iko wazi. Shuka."

"Njia iko wazi, nashuka."

Mwewe akafuata sauti. Kushoto kidogo, akaenda kushoto kidogo. Nyooka, akanyooka. Akatua vizuri, hata rubani asingemcheka. Kiwanja kitupu, majani yanatingishika tu.

"Wako wapi?"

Mbayuwayu naye alikwisharuka. Akajibu kutoka juu, "Wameruka."

"Uliniambia umesikia."

"Nilisikia, Bwana Mwewe. Kule mnarani, neno ‘nimesikia’ maana yake ni sauti yako imenifika. Anayekubali kutenda husema ‘nitatenda’. Hilo mimi sikulisema."

Mwewe akarudi kwao amekonda. Wenzake wakamuuliza, ulikuwa wapi masika yote? Akaona haya kusema kwamba amechezewa na Mbayuwayu. Akasema, "Nilikuwa angani, nangoja ruhusa. Ndivyo wafanyavyo ndege wakubwa." Wenzake wakaona ni jambo la heshima, nao wakaanza kuzunguka. Ndiyo maana hata leo ukitazama juu utamwona mwewe anazunguka, anazunguka, na kuku chini wanapata muda wa kuwafunika wana.

Kware yeye bado huita jioni. Wale wa kwanza hawakurudi, na hakuna ujanja wa kuwarudisha.

Hadithi yangu imetua. Mwenye yake aombe ruhusa.

Na funzo lake ni hili, lishikeni: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto mwema humsikia mkubwa wake, analosema lolote, hata akiwa na njaa. Mmesikia?

— Tumesikia.