Mfuko wa Mbeleko

Mnaokaa karibu na mlango, sogeeni mbele. Leo mnahubiriwa na mtu aliyeiaga shule darasa la sita, na bado nitawaliza kuliko yule mgeni wenu wa juzi mwenye tai. Shemasi Mbwambo, usinune. Mfano wangu ni mfupi, chai yako haitapoa.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, huko mlimani, mwenye cherehani ya mkono na mtoto mmoja wa kiume. Mtoto akakua, akashuka mjini kule bondeni, akawa fundi rangi. Si mbali. Ukipanda asubuhi, mchana unakula kwa mama. Lakini kijana hapandi.

Kila siku ya gulio mama humtumia ndizi, anambebesha jirani anayeshuka kuuza mboga. Ndizi zinakuja katika mfuko wa kitambaa, kaushona mwenyewe nyumbani: anakunja kitambaa, ule mkunjo ndio unakuwa kitako, anashona ubavu huu na ubavu huu, anaugeuza, anatia mikanda ya kuning'iniza begani. Kijana anapokea, anakula, mfuko anautundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Kwa nini haurudishi? Ah, mnajifanya hamjui! Nani hapa hurudisha bakuli la jirani likiwa tupu? Hata chumvi utatia. Kijana naye kalelewa. Akasema, "Nitaurudisha mwenyewe, siku umejaa." Sukari, mchele, na kitenge kipya cha mama. Mwezi huu haujajaa, basi mwezi ujao. Na kila mfuko mpya ukija, haya inaongezeka, maana sasa ya kujaza ni miwili, sasa ni mingi, sasa hata mlango haufunguki vizuri. Akimwona mtu wa kwao barabarani, anaingia dukani kujificha. Mnacheka? Chekeni, zamu yenu inakuja.

Huko juu, mama anapika makande, anapakua sahani mbili. Moja anaila, moja anaifunika. Kesho yake anaifunua, anapasha, anaila yeye. Mbwa akibweka njiani, anaacha cherehani, anachungulia. Ni mpita njia. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Anarudi kukaa.

Siku moja jirani akamwambia, "Mwenzangu, vitambaa vitakuishia. Mwanao ana mifuko kama duka."

"Anasemaje?"

"Anasema atakuja. Anakamilisha kidogo tu."

Mama akainuka. Akafungua sanduku, akatoa kitambaa ambacho mkasi haujawahi kukigusa: mbeleko aliyombebea kijana yule mgongoni. Akainusa. Miaka yote ile, ingenukia nini? Lakini akainusa. Kisha akakata.

Siku ya gulio jirani akamkabidhi kijana mfuko umekunjwa, hauna hata ndizi.

"Leo hamna kitu?"

"Kasema leo utie wewe."

Kijana akaukunjua. Akaitambua mbeleko, maana aliiona sandukuni tangu utoto. Akasema, leo ndiyo leo! Akakimbia dukani, akanunua sukari, akaitia mfukoni. Sukari ikapita moja kwa moja, ikaanguka sakafuni, pakiti ikapasuka. Akachungulia ndani ya mfuko, akaona miguu yake mwenyewe.

"Maskini mama yangu! Macho yamekwisha. Kasahau kitako!"

Hofu ndiyo iliyompandisha mlima. Hakukumbuka kununua sukari nyingine, wala kusugua rangi kwenye kucha. Alimkuta mama uani, kwenye cherehani.

"Shikamoo, mama. Macho yanakusumbua?"

"Marahaba, baba. Yanaona."

"Hayaoni! Hebu tazama." Akapitisha mkono ndani ya mfuko, ukatokea upande wa pili. "Chini hukushona."

"Papasa hapo chini."

Akapapasa. Kulikuwa na pindo, limezunguka mfuko mzima, limenyooka.

"Nilikata mkunjo, nikapiga pindo," mama akasema. "Aliyesahau hupiga pindo? Ningeacha kitako, ungeujaza. Na ungemaliza lini kuujaza, baba?"

Na ule mkono uliotokeza, wenye rangi kwenye kucha, usio na kitu, mama akaukamata kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni. Hakuuachia.

Mnapenda kusema mkono mtupu haulambwi. Nendeni mkamwambie mama yule.

Sasa sisi. Mmenyamaza, eh? "Nikiacha pombe, nitarudi kwa Mungu." "Nikishafunga ndoa." "Nikipatana na wifi yangu." Kuna dada hapa mtaani hajaja ibadani tangu mavuno, anasema hana nguo ya kuja nayo, kama vile Mungu ni fundi cherehani anayekagua gauni! Kila asubuhi tunapokea, tunakula, tunatundika kwenye msumari. Tukisikia jina lake barabarani, tunajificha dukani. Halafu tunaiita heshima. Heshima gani hiyo, ndugu zangu, inayomwacha mzazi anafunika sahani?

Ulidhani anangoja sukari yako? Yeye aliyeumba miwa?

Hukuwahi kujiuliza kwa nini kila unachojaza kinapita? Umeapa, kiapo kimepita. Umefunga na kuomba ili upate sifa, sifa imepita. Ukasema Mungu kakosea kunishona. Papasa chini, ndugu. Pana pindo. Hakusahau. Neema yake haina kitako, hatukupewa tuijaze. Tunapitisha mkono tu, na upande wa pili yupo anayeungoja, kaungoja siku nyingi kuliko umri wako.

Haya, simameni tuombe. Inueni mikono. Juu zaidi! Shemasi Mbwambo, na wewe, weka chini hizo funguo za pikipiki. Mitupu, nimesema.