Mzizi Wenye Mwiko

Wapendwa, kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye usiku haukumpa raha. Akijilaza tu, haja ndogo inamwita. Mara tano, mara sita mpaka alfajiri. Wazee mnaocheka huko nyuma, chekeni polepole, wake zenu wanawaangalia.

Basi akaona haya. Akamwambia mkewe ana sare za shule za kumalizia, akahamishia godoro chumba cha cherehani. Wiki zikawa miezi. Mkewe akaacha kuimba jikoni. Fundi aliliona hilo, likamuuma, ila ulimi ulikuwa mzito.

Alichokumbuka ni dawa ya marehemu mama yake. Zamani hizo baba yake alipata shida hiyohiyo, na mama akamchemshia mzizi kwenye chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Nyumba nzima ilinukia. Baba akinywa anakunja uso, mama anamcheka, na watoto nao wanacheka wasijue wanachekea nini. Ah, siku zile! Fundi alizitamani mpaka machozi yakamlengalenga. Akajiambia, nikiupata mzizi ule nitapona kimyakimya, nirudi kitandani kwangu, na mke wangu hatajua kitu.

Akapanda mlimani kwa mama yake mdogo, maana ni yeye peke yake aliyebaki anayeujua mti wenyewe.

"Mama mdogo, naomba ile dawa ya baba. Kuna rafiki yangu anasumbuka."

Bibi akamtazama. "Huyo rafiki yako ana mke?"

"Anaye."

"Basi mwambie dawa hii ina mwiko. Mgonjwa haipiki. Anaipika mkewe, akishaombwa na mumewe kwa kinywa chake mwenyewe."

"Mbona baba alikuwa anakunywa tu?"

"Anakunywa tu? Mwanangu, baba yako alilala ghalani miezi minane kwa aibu. Wewe unakumbuka harufu ya chungu. Mimi namkumbuka dada yangu akilia hapa, juu ya kigoda hiki."

Fundi akarudi na mzizi umefungwa kwenye gazeti. Akamkuta mkewe amekaa chumbani, akauweka mapajani mwake, akasema yote huku anatazama sakafu.

Mkewe aliuweka mzizi kando. Kisha akainama, akavuta begi kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa limejaa nguo zake.

"Kumbe ni hilo? Mimi nilijua umenichoka. Jumamosi nilikuwa narudi kwetu." Akajifuta machozi kwa pindo la khanga. "Mzizi nitaupika. Lakini kesho asubuhi tunakwenda wote hospitali, daktari naye akuone."

Naona wengine wanangoja jina la mti. Silitaji! Na kama mzizi ulimponya au haukumponya, hilo nalo siwaambii.

Sisi tunapenda kusimulia jinsi wazazi wetu walivyopendana. Je, tunajua waliambiana nini kabla ya kicheko kile? Mara ngapi tunapiga magoti na kumweleza Mungu shida za rafiki, kumbe mgonjwa ni sisi wenyewe? Tunaficha udhaifu wetu ili tusidharauliwe, na anayetupenda anausoma ukimya wetu kuwa chuki.

Leo ukifika nyumbani, ndugu yangu, chungulia chini ya kitanda.