Mbingu Juu ya Nyumba ya Hango

Hujainua antena, usiseme mbingu ni tupu.

Maneno hayo aliyasema Bi Anjela Njiku siku moja walipokuwa wakipura alizeti uani kwake, baada ya kijana mmoja kulalamika kwamba ndugu zake wa mbali wamemtupa na hakuna anayemkumbuka. Vijana wenzake walicheka. Wakamwuliza Bi Anjela ni wahenga gani hao waliokuwa na antena. Yeye aliweka fimbo yake ya kupuria chini, akaketi juu ya gunia, akawaambia kwamba methali hazikuacha kuzaliwa wahenga walipokufa. Hii ilizaliwa papa hapa Singida, na waliokuwapo wengine wangali hai. Ilianza hivi.

Palikuwa na mwashi mmoja aliyeitwa Hango, mtu wa maneno machache na mkono mzito, aliyejenga nusu ya nyumba za mawe za mtaa wa juu. Mkewe, Damari, alikuwa kiziwi tangu utotoni. Hakupelekwa shule, kwa hiyo hakujua kusoma wala kuandika, na lugha aliyokuwa nayo ni ile ya mikono aliyojitungia mwenyewe nyumbani, kidogo kidogo, jinsi mtu anavyojenga ukuta kwa mawe anayoyaokota njiani. Hango aliijua lugha hiyo kiasi cha kuombea chakula na kuulizia jembe. Aliyeijua sawasawa alikuwa mtu mmoja tu duniani, binti yao wa pekee, Eliwaza.

Eliwaza alipomaliza kidato cha nne, baba yake alimtafutia nafasi katika chuo cha ualimu. Binti akaenda, akakaa muhula mmoja, akarudi na habari kwamba anataka kuacha akasomee ukalimani wa lugha ya alama, awe mdomo wa watu wasiosikia. Hango hakuelewa. Yeye aliona aibu hata mkewe alipozungumza kwa mikono sokoni. Akamwambia binti yake kwamba kupunga mikono hewani si kazi, na kwamba akishika njia hiyo asikanyage tena pale nyumbani. Eliwaza alimuaga mama yake kwa mikono, akashika njia hiyo hiyo.

Alipofika alikokwenda alimpigia baba yake simu. Hango akaikata. Akapiga tena baada ya muda, Hango akaikata tena, na kisha akabadilisha namba. Damari hakuambiwa lolote kuhusu simu hizo. Simu kwake ilikuwa kijiwe tu kinachowaka taa. Kila alipouliza habari za mwanawe, Hango alifungua viganja vyake viwili, vitupu, maana yake hakuna. Miaka ikapita hivyo. Damari akaacha kuuliza.

Kilichobaki ndani ya nyumba ile ni televisheni. Wakati huo karibu mji mzima ulitazama kwa kebo. Bwana mmoja mfanyabiashara alikuwa ametandaza waya wake juu ya nguzo kutoka mtaa hadi mtaa, ukiingia kila nyumba kwa dirisha, na yeye ndiye aliyechagua watu waone nini. Damari aliketi mbele ya televisheni kila alasiri akichambua uwele, akitazama vinywa vya watu vikifunguka na kufungika. Hango naye aliketi. Kukaa mbele ya kitu kimoja kuliwafanya wasitazamane.

Halafu barabara ikaja kupanuliwa. Nguzo ziling'olewa, waya ukakatwakatwa na kulala mitaroni, na mwenye kebo akaona hakuna faida ya kuanza upya, akahamia mji mwingine. Siku moja watu waliwasha televisheni zao wakakuta giza. Nyumba ya Hango ikawa kimya kuliko kimya kilichokuwamo kabla.

Jirani yao mpya, muuguzi aliyeitwa Sekunda, alikuwa amehamishiwa hospitali ya hapo kutoka mbali. Alimpenda Damari tangu siku ya kwanza, ingawa walizungumza kwa kuoneshana vitu tu. Alipoona wanakaa mbele ya kioo kilichokufa, alimwambia Hango kwamba yeye aliachana na kebo zamani. Ana antena ya akiba, inayotosha kwa televisheni kama yao yenye king'amuzi ndani, na ana kijiti kidogo kinachochomekwa nyuma ya televisheni kikaleta picha kwa intaneti ya simu. Akajitolea kuwafungia vyote viwili.

Hango alikataa. Alimweleza kwamba alikuwa na antena miaka ile ya nyuma, na tangu mitambo ya zamani ilipozimwa haikushika kitu zaidi ya chenga. Aliishusha, waya wake akaufanya kamba ya kuanikia nguo.

"Hewani hakuna kitu siku hizi," alisema. "Mbingu ni tupu, mama. Ukitaka jambo likufikie, lazima liwe na waya."

Sekunda hakubishana naye. Alikuja Jumamosi mchana na mlingoti wa bomba, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda mwenyewe. Ndipo Hango akaona haya kukaa ndani wakati mwanamke yuko juu ya paa lake, akakubali kuangalia kioo na kumwambia kinachoonekana. Upepo wa Singida mnaujua. Siku ile ulivuma kama unataka kumnyang'anya lile bomba. Kioo kilisema hakuna mawimbi. Sekunda akageuza antena upande wa ziwani. Hakuna mawimbi. Akaigeuza taratibu kuelekea kilima chenye mnara, akapiga kelele Hango atafute upya.

Hango akabonyeza. Kioo kilitulia kidogo, kisha majina ya vituo yakaanza kupanda moja baada ya lingine kama sisimizi wanaotoka shimoni, na mengine mengi alikuwa hajawahi kuyasikia. Picha ikaja, safi kuliko ilivyowahi kuja kwa kebo. Alichungulia nyuma ya televisheni. Palikuwa na waya mmoja mwembamba tu uliopanda hadi paani, na huko juu haukuunganishwa na kitu chochote. Ulikomea kwenye upepo.

Alitoka nje akasimama uani, akatazama juu. Hapakuwa na kitu. Wingu moja, na mwewe.

Sekunda aliposhuka alimkuta bado ameinua uso.

"Vimekuwa vikipita hapa?" Hango alimwuliza.

"Siku zote, Mzee."

"Hata nilipokuwa nimelala? Hata mvua ikinyesha?"

"Hata sasa vinapita katikati yetu mimi na wewe. Vinapita kwenye kuta ulizojenga."

Hango aliyekuwa akijua uzito wa kila jiwe la kuta zile aligusa ukuta wa nyumba yake, akauacha mkono hapo. Alijisikia mdogo, wala udogo ule haukumuudhi.

Waliporudi ndani walimkuta Damari amesimama mbele ya televisheni, karibu sana, karibu uso uguse kioo. Ilikuwa taarifa ya habari ya alasiri kwenye kituo ambacho mwenye kebo hakuwahi kukileta mjini. Msomaji alikuwa katikati. Kwenye pembe ya chini, ndani ya kiduara kidogo kama sarafu, alikuwapo mwanamke aliyevaa miwani, akitafsiri kwa mikono. Damari alikuwa ameweka kidole juu ya kile kiduara. Hango alidhani anafuta vumbi.

Damari akageuka. Akagusa mwanya wa meno yake ya mbele, akatelezesha kidole kuelekea juu. Hango hakuwa ameiona alama ile kwa miaka mingi. Lilikuwa jina la Eliwaza, aliyerithi mwanya wa mamaye.

Hango alipiga magoti mbele ya kioo, kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri. Mikono ilikuwa ikienda upesi, kwa ufasaha, ikieleza bei ya mbolea na mafuriko ya mto fulani, na nyuma ya miwani ulikuwa uso wa binti yake, umekomaa. Sekunda, ambaye hakujua kwamba wana mtoto, alitazama mmoja akatazama mwingine.

Taarifa ikafika mwisho. Msomaji aliwaaga watazamaji, na Eliwaza akatafsiri kuaga kule. Kisha, kabla picha haijaondoka, alipangusa shavu lake kwa mgongo wa mkono na kugonga kifua mara mbili, haraka, kama mtu anayeweka sawa nguo yake.

Damari alitoa sauti kutoka kifuani, sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia. Naye akapangusa shavu, akagonga kifua.

"Amesema nini?" Sekunda aliuliza kwa upole.

Hango hakuondoa macho kwenye kioo. "Hiyo haimo katika lugha yao ya shuleni," alisema. "Ni ya hapa nyumbani. Mama yake hasikii akiitwa, basi mtoto alipotumwa maji alikuwa akifika pale kwenye mwamba anafanya hivyo, mama amwone kwa mbali. Maana yake, nipo, usiogope."

Damari aliuliza kwa mikono ni tangu lini mwanawe anasema hivyo. Alimwuliza Hango, na Hango akamtafsiria Sekunda lile swali. Hapo Sekunda alikumbuka kile kijiti. Akakichomeka, akaunganisha na simu yake, akatafuta kituo kile. Taarifa zao zote za habari walikuwa wamezihifadhi kwenye intaneti, za mwaka huo na za miaka iliyotangulia, yeyote azione. Akafungua ya jana, akaisogeza mwisho. Shavu, kifua. Akafungua ya mwezi uliopita. Shavu, kifua. Akarudi nyuma mwaka, akarudi miwili.

Walikaa sakafuni watatu, wakamwangalia Eliwaza akirudi utotoni. Miwani ilitoweka. Nywele zilifupika. Katika taarifa za kipindi fulani palikuwa na mkalimani mwingine, na katika zilizotangulia hizo alikuwapo tena Eliwaza, amenenepa, na Damari aliyezaa na kuwaona wanawake wengi wakizaa alimshika Sekunda mkono akamwonesha lile tumbo. Sekunda akaenda mbele tena, hadi siku ile Eliwaza aliporejea kazini. Mwisho wa taarifa alipangusa shavu, akagonga kifua, kisha kwa muda wa kupepesa jicho akakunja mikono kama anayebeba kitu kidogo.

Damari alikuwa bibi, na alikuwa ameambiwa. Aliambiwa siku yenyewe, na habari ile ikapita juu ya paa lake, ikapita kwenye kuta, ikampita yeye mwenyewe akichambua uwele, ikaenda zake.

Hakuna siku waliyofungua wakaikosa salamu. Hata ile ya kwanza kabisa, ambamo msichana mwembamba alitafsiri kwa woga akikosea na kurudia, ilimalizika kwa shavu na kifua. Alikuwa amezituma miaka yote hiyo bila kujua kama kuna jicho hata moja linalopokea.

Hango alimgeukia mkewe. Kwa mikono yake mizito, akitafuta kila alama, alimweleza kuhusu simu alizozikata na namba aliyoibadilisha. Alipomaliza, Damari alifumba macho. Kwa mtu kama yeye, kufumba macho ni kufunga mlango. Hango hakuondoka, wala hakumgusa. Alikaa pale pale sakafuni akingoja, na kivuli cha mlingoti kikahama ukutani.

Damari alipofumbua macho, hakusema amemsamehe. Alinyoosha kidole kwenye kioo, kisha mlangoni. Mlete.

Sekunda alipiga simu kituoni. Hawakumpa namba ya mfanyakazi wao, lakini walichukua ujumbe. Kesho yake alasiri walikaa mbele ya televisheni kabla ya wakati. Eliwaza alitokea, macho yamevimba, akafanya kazi yake yote bila kukosea. Mwishoni alisalimia kama kawaida, halafu akaongeza alama moja, vidole viwili vikitembea juu ya kiganja. Damari alisimama akaanza kufagia chumba.

Eliwaza alifika kwa basi wiki hiyo hiyo, amemshika mkono mtoto wa kike. Mama na binti walishikana hapo stendi, na mikono yao ilipoachana ilizungumza mfululizo, watu wakakusanyika kuwatazama, na safari hii Hango hakuona aibu. Alisimama pembeni, kofia mkononi, hajui kama anaruhusiwa kusogea. Yule mtoto alimwendea. Alikuwa ameambiwa kwamba kwa bibi hawasikii, naye akadhani ni nyumba nzima. Basi akamwamkia babu yake kwa mikono, polepole, ili aelewe.

Hango hakumsahihisha. Aliinama, akamjibu kwa mikono.

Baada ya hapo watu wengi walikwenda kwake kuulizia antena, kwa kuwa mji ulikuwa gizani, naye aliwasaidia kuzifunga hadi paa zote za mtaa wa juu zikawa na milingoti. Siku moja alimfungia mzee mwenzake ambaye mwanawe alikwenda machimboni na hakusikika tena. Mzee yule alisema, huku akishika ngazi, kwamba mtoto amemsahau, kwamba ametazama kila upande na hakuna kitu. Hango aliyekuwa juu ya paa aliacha kukaza parafujo. Alitazama juu, palipokuwa na samawati tupu na upepo, akakaa hivyo mpaka mwenzake akadhani amepatwa na kizunguzungu. Kisha akamwuliza kama amewahi kumtafuta yule mtoto, au alikaa tu akingoja. Ndipo Hango akayasema maneno yale, na yule mzee akayapeleka sokoni, na sokoni yakatufikia sisi.

Bi Anjela aliokota tena fimbo yake. Yule kijana aliyelalamika alikuwa ameshika fimbo yake bila kupura, anatazama juu ya miti, mahali pasipokuwa na kitu. Bi Anjela alimwacha atazame, kisha akamwambia kwa sauti ya chini:

"Hujainua antena, mwanangu, usiseme mbingu ni tupu."