Nafasi Moja ya Lupwisi

Mpo? Kama mpo, kaeni vizuri, maana hadithi hii haimtaki mtu wa kusinzia.

Walikuwepo watu watatu katika Chuo cha Wananchi Lupwisi, kule juu kwenye milima ya chai, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Ambakisye, mtunza majengo wa chuo, mwanamume wa miaka arobaini na nne. Kipaji chake kilikuwa masikioni na vidoleni. Akiisikia mashine inakoroma, anajua inaumwa wapi. Cheti hakuwa nacho hata kimoja.

Wa pili alikuwa Subilaga, mwalimu wa kompyuta, aliyeajiriwa kwa mkataba mwaka uleule wa mkasa huu. Kabla ya hapo alikaa miaka sita kwenye duka la steshenari mjini, akiwachapia watu barua za kazi, ratiba za misiba na kadi za harusi. Kipaji chake kilikuwa kueleza. Jambo gumu akilishika yeye, hata bibi aliyekuja kupiga fotokopi tu anaondoka amelielewa.

Wa tatu alikuwa Tunsume, mwanafunzi, mama wa watoto wawili. Kipaji chake kilikuwa watu. Mlango alioubisha Tunsume ulifunguliwa, na mtu aliyesema "nimeshindwa" mbele yake alijuta kusema.

Sasa sikilizeni yaliyowakuta.

Miaka mitatu nyuma chuo kilikuwa kimepewa kompyuta ishirini. Siku zinashushwa kwenye lori, kwaya iliimba na akina mama wakapiga vigelegele. Mwaka wa kwanza mashine zote zilikuwa nzima, na wanafunzi wote walifeli. Mwaka wa pili zikabaki kumi, wakafeli tena. Mwaka wa tatu zilikuwa zinawaka nne tu, na wanafunzi walijifunza kuchapa kwenye vipande vya kadibodi vilivyochorwa herufi. Ukimuuliza mwanafunzi kipanya ni nini, anakujibu bila kukosea neno: "Kipanya ni kifaa cha kuingizia taarifa kwenye kompyuta." Ukimpa kipanya chenyewe, hajui akishike wapi.

Mwezi wa nne akaja mwenyekiti wa bodi. Akakagua chumba, akafuta vumbi kwa kidole, akamgeukia mkuu wa chuo, mama mmoja mtulivu aliyeitwa Sekela Mwaisumo.

"Mkuu, mtihani wa vitendo ni Novemba. Wakifaulu tisa, kozi inaendelea. Wasipofika tisa, tunaifunga, na chumba hiki kitakuwa stoo ya mbolea."

Mama Sekela akafungua daftari la mahudhurio. Walioandikishwa walikuwa kumi na wanane. Waliokuwepo darasani siku hiyo walikuwa sita.

"Hata hawa sita wakifaulu wote, hawafiki tisa," akasema polepole.

"Basi mmeshajua," mwenyekiti akajibu, akaondoka.

Ambakisye alikuwa nje ya dirisha anaziba bomba, akasikia kila neno. Subilaga alikuwa ubaoni, chaki mkononi. Tunsume alikuwa mmoja wa wale sita. Walitazamana watatu hao, na siku hiyohiyo wakaanza kazi.

Ambakisye alizitoa mashine zote mbovu, akazipanga sakafuni kama wagonjwa wodini. Moja ilikuwa na kiota cha mchwa. Nyingine mjusi alikuwa ametagia ndani. Akazipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akazisafisha kwa mswaki, akachukua kiungo cha hii akaiponya ile. Mbili hazikupona, lakini vipuri vyao vilizifufua nyingine. Kila mashine ilipowaka alitoka mbio hadi uani akipaza sauti, "Ya saba! Ya saba imeamka!" na chuo kizima kinashangilia, hata darasa la ushonaji. Zikafika kumi na nane! Na kwa kuwa umeme wa Lupwisi haukuaminika, alifungua betri za matrekta mabovu ya chuo, akaziunga na paneli za sola zilizokuwa zimetupwa nyuma ya jiko, akaweka na inveta, kile kiboksi kinachougeuza umeme wa betri uweze kuendesha mashine.

Subilaga naye aliyafunga yale madaftari ya kunakili. "Kuanzia leo," aliwaambia wanafunzi, "hatuandiki kuhusu kompyuta. Tunaifanyia kazi." Akawaletea shughuli za Lupwisi yenyewe. Waliandika orodha ya watoto wa chanjo kwa ajili ya zahanati. Walitengeneza tangazo la tamasha la kwaya. Waliandika barua kwenda halmashauri kuhusu daraja lililokatika, wakaituma kwa barua pepe, na baada ya siku tisa jibu likarudi: mafundi wanakuja! Darasa liliruka juu ya viti. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa hajawahi kujibiwa na ofisi yoyote maishani alilisoma jibu lile mara nne kwa sauti. Na kila baada ya mistari miwili Subilaga alikuwa anaita, "Jamani!" na darasa linaitikia, "Hifadhi!" huku vidole viwili vikibonyeza kwa pamoja vitufe vya kuhifadhi kazi isipotee, mpaka ikawa kama kupumua.

Tunsume alichukua orodha ya wale kumi na wawili walioacha, akaanza kutembea. Wengine walikuwa wanachuma chai asubuhi, na masomo yalikuwa asubuhi, kwa hiyo alirudi kwa mkuu na kumwomba darasa lihamie mchana, mkuu akakubali. Wengine walikuwa na watoto wachanga. Kwa hao alimleta mama yake mzazi akatandika mkeka barazani, akawa analea watoto sita kwa mpigo. Wengine walikuwa na aibu kwa sababu walishachekwa. Na kulikuwa na Bupe, ambaye mumewe alisema kukaa mbele ya kioo cha kompyuta ni uvivu.

"Shemeji," Tunsume alimwambia mume huyo, "mwache Bupe aje. Novemba asipofaulu, njoo unidai mimi."

"Nikudai wewe? Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye dhamana yake."

Maneno hayohayo aliyasema katika nyumba kumi na mbili. Na wote kumi na wawili walirudi.

Novemba ikafika. Asubuhi ya mtihani ukungu ulikuwa umeshuka hadi milangoni. Wakaingia watahiniwa kumi na wanane mbele ya mashine kumi na nane. Msimamizi kutoka mkoani, mama mwenye miwani na saa kubwa ya mkononi, akasoma kazi: barua moja, jedwali moja, tangazo moja. Muda wao ulikuwa saa mbili tu, bila nyongeza. Subilaga, kwa kuwa ni mwalimu wao, ilibidi akae nje. Ambakisye aliruhusiwa kusimama kwenye kona ya umeme.

"Anzeni!"

Chumba kizima kikawa mlio wa vidole tu, kama mvua juu ya bati. Dakika ya hamsini mvua yenyewe ikaja, ikaja na radi, na umeme ukakatika. Vioo vyote kumi na vinane vikawa vyeusi.

Kule nje Subilaga alishika kichwa. Ndani, Ambakisye alikuwa ameshashika swichi. Taa ya inveta ikawaka kijani, na mashine moja baada ya nyingine zikaanza kuamka. Lakini je, kazi ipo? Watahiniwa wakafungua kazi zao.

"Ipo!" Bupe akapiga kelele.

"Na yangu ipo! Ipo yote!"

"Kimya!" msimamizi akaamuru, ingawa naye alikuwa anatabasamu. Hakuna aliyepoteza zaidi ya mistari miwili.

Hawakufika mbali. Inveta ikaanza kulia, tii, tii, tii, na taa ikawa nyekundu. Ambakisye akaweka mkono juu ya kile kiboksi, akauondoa haraka.

"Mama, mzigo umezidi kidogo," alimwambia msimamizi. "Mashine moja izimwe sasa hivi. La sivyo zinazima zote, na safari hii siziwashi tena leo."

"Nani atazima?" msimamizi akauliza. "Atakayezima mtihani wake umeishia hapo. Sina mashine ya akiba wala muda wa kuongeza."

Watu wakainamisha vichwa. Tii, tii, tii. Tunsume akaangalia kushoto, akamwona Bupe anachapa huku machozi yanamtoka. Akaangalia kulia, akaona wengine wote aliowafuata majumbani. Akabonyeza kitufe. Kioo chake kikafa, inveta ikanyamaza, taa ikarudi kijani.

"Endeleeni," akasema. "Mnaniangalia nini? Andikeni!"

Wakaandika hadi dakika ya mwisho.

Matokeo yalipobandikwa ukutani, walifaulu kumi na saba! Nasema kumi na saba, si tisa! Watu wa Lupwisi walicheza uani mpaka viatu vikajaa tope. Mume wa Bupe alikuja na mkungu wa ndizi begani, akautua miguuni kwa Tunsume: "Ndaga fijo, dada, asante sana." Mwenyekiti wa bodi alimpa kila mtu mkono, wengine mara mbili. Jina pekee lililofeli lilikuwa la Tunsume.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka mkoani. Habari za Lupwisi zilikuwa zimewafikia wakubwa, nao walitaka kuzawadia. Walitoa nafasi ya mwaka mmoja kwenye chuo kikubwa cha teknolojia, masomo yote yakiwa yamelipiwa. Atakayekwenda atarudi na kuajiriwa moja kwa moja kuwa kiongozi wa mafunzo ya TEHAMA Lupwisi. Apelekwe yule aliyefanikisha jambo hili, awe mtumishi au mwanafunzi, mwenye cheti au asiye nacho. Jina moja tu, kabla ya Ijumaa.

Mama Sekela akapiga simu mkoani kuomba nafasi tatu. Wakamwambia ni moja. Akaomba mbili. Wakamwambia ni moja. Ndipo akawaita watatu ofisini.

"Semeni wenyewe," akawaambia. "Sitaki mtu aone haya."

Ambakisye akavua kofia. "Mkuu, bila mashine huyu angefundishia nini, na yule angewaita watu waje kutazama nini? Isitoshe, kule hawampokei aliyefika miaka arobaini na mitano. Mwakani mimi nitakuwa nimepitwa. Maisha yangu yote nimetengeneza vitu ambavyo sikufundishwa na mtu. Nataka mara moja tu nifundishwe."

"Fundi, nakuheshimu kama kaka yangu," Subilaga akasema, "lakini mwaka wa kwanza mashine zilikuwa nzima zote ishirini. Walifaulu wangapi? Hakuna. Mashine haikumfundisha mtu. Na umeme ulipokatika, kama hawakuwa wamehifadhi, hizo betri zako zingewasha karatasi tupu. Mkataba wangu unaisha Desemba, na bila masomo ya juu hauongezwi. Nisipokwenda, naondoka Lupwisi kabisa."

Akabaki Tunsume. Mkuu akamwita jina.

"Mkuu, mimi ndiye niliyefeli, najua," akasema. "Lakini mashine nzima na somo tamu, vikisubiri viti vitupu, vingemfaulisha nani? Walikuwa sita, na waliotakiwa ni tisa. Na siku ile, fundi mwenyewe alisema zote zitazima." Akamgeukia Ambakisye. "Hukusema, kaka?"

"Nilisema," Ambakisye akakiri.

"Basi cheti changu kimo ndani ya vile kumi na saba. Nimebaki sina."

Hakuna aliyemkasirikia mwenzake, maana kila mmoja aliona kwamba wenzake wawili wanasema kweli, na hilo ndilo lililowaumiza zaidi. Nje wanafunzi walikuwa wamegawanyika. Wengine waliimba jina la fundi, wengine la mwalimu, na Bupe na wenzake kumi na mmoja waliimba la Tunsume hadi sauti zikakauka.

Ijumaa asubuhi Mama Sekela aliketi mezani, barua mbele yake, kalamu mkononi. Mahali pa jina palikuwa na mstari mmoja mfupi.

Mimi nawaachia hapo. Sasa inukeni, msinung'unike chini chini, kila mtu aseme kwa sauti na atoe sababu. Aliyefufua mashine, aliyefundisha, au aliyewarudisha watu na kuzima ya kwake: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?